MCHEZAJI NAYE NI MFANYAKAZI

Yapo maneno yasemwayo mara kwa mara kandokando ya viwanja vya mpira, nayo ni haya: mchezaji kazi yake ni miguu, kichwa ni cha mwalimu, na amri ni ya wenye klabu. Watu huyasema kwa mzaha, lakini wako wenye vilabu wengi walioyafanya kuwa sheria. Mchezaji hununuliwa, huuzwa na huazimwa, na akivunjika mguu husahauliwa. Na kwa kuwa kazi yake yaitwa mchezo, watu husita kumhesabu miongoni mwa wale wauzao nguvu zao kwa ujira.

Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Tena, katika kuyapinga, tumeonelea heri tuwasimulie wasomaji wetu habari za Mreno mmoja, Artur Jorge, aliyefariki dunia tarehe 22 Februari 2024 akiwa mzee wa miaka 78. Wengi humkumbuka kwa jambo moja, ya kwamba ndiye Mreno wa kwanza aliyeifundisha timu hata ikatwaa Kombe la Ulaya la Vilabu Bingwa. Sifa hiyo ni yake, wala hapana awezaye kumnyang'anya. Lakini kwa maoni yetu maisha yake yana fundisho lililo kubwa kuliko kombe. Alikuwa mfanyakazi aliyedai haki zake na za wenziwe katika zama ambazo kudai haki kulikuwa hatari. Kisha akapanda cheo, akawa na amri juu ya wafanyakazi wengine. Hapo ndipo penye swali ambalo kila mtu aliyetoka karakanani akaingia ofisini hana budi kujiuliza: je, mpini ukiwa mkononi mwako, utautumiaje?

TIMU YA WANAFUNZI

Artur Jorge alizaliwa mjini Porto, kaskazini ya Ureno, tarehe 13 Februari 1946. Alianza kandanda katika klabu ya mji wake, F.C. Porto, lakini mwaka 1965 alihamia Coimbra, mji wenye Chuo Kikuu kilicho cha zamani kuliko vyote katika nchi hiyo. Alikwenda huko kwa mambo mawili pamoja, kusoma na kucheza. Timu ya Coimbra, iitwayo Académica, ilikuwa timu ya chama cha wanafunzi wenyewe, na nguo zake zilikuwa nyeusi kama majoho ya chuoni. Aliyefunga bao siku ya Jumapili alitazamiwa kuonekana darasani siku ya Jumatatu.

Mwalimu wa timu hiyo alikuwa Mário Wilson, mzaliwa wa Lourenço Marques katika Msumbiji, mji uitwao leo Maputo. Chini yake wanafunzi hao waliwatia hofu wakubwa. Katika msimu wa 1966-67 walimaliza ligi wakiwa wa pili, nyuma ya Benfica peke yake, tena wakafika fainali ya Kombe la Ureno, wakafungwa na Vitória ya Setúbal mabao 3 kwa 2 baada ya kuongezwa muda. Artur Jorge alikuwa mshambuliaji wao wa katikati, mrefu, mwenye kichwa kizuri kwa mipira ya juu, na kichwa kizuri zaidi kwa vitabu. Alisomea filolojia ya Kijerumani, yaani elimu ya lugha na maandishi ya mataifa yenye asili ya Kijerumani, hata akapata shahada yake. Miaka mingi baadaye, mnamo 1983, alitoa kitabu cha mashairi kiitwacho Vértice da Água. Basi na aje sasa yule asemaye kwamba mchezaji ni miguu tu.

MWAKA WA 1969

Ureno ya siku zile ilikuwa chini ya udikteta. Salazar alikuwa ameshika serikali tangu 1932, na alipougua mwaka 1968 akapokewa na Marcelo Caetano. Magazeti yalikaguliwa kabla ya kuchapwa, polisi wa siri walitega masikio kila mahali, migomo ilikatazwa kwa sheria, na vijana walipelekwa Afrika kupigana na wananchi wa Angola, Guinea na Msumbiji waliokuwa wakidai nchi zao. Watu wa Dar es Salaam wanaijua serikali ile vizuri, maana ni katika mji wao FRELIMO ilipoundwa mwaka 1962.

Tarehe 17 Aprili 1969, Rais Américo Tomás alifika Coimbra kufungua jengo jipya la hesabu. Kiongozi wa wanafunzi, Alberto Martins, alisimama akaomba ruhusa ya kusema machache kwa niaba ya wenzake. Alinyimwa, na usiku ule akakamatwa. Wanafunzi wakatangaza matanga, wakasusa masomo na kisha mitihani. Serikali ikajibu kwa polisi.

Wakati huohuo timu ya wanafunzi ilikuwa ikishinda mechi moja baada ya nyingine katika kuwania Kombe la Ureno, mpaka tarehe 22 Juni 1969 ikajikuta imeingia fainali, katika Uwanja wa Taifa karibu na Lisbon, dhidi ya Benfica. Nchi isiyoruhusu mkutano wa hadhara ilikuwa imepata mkutano wa hadhara bila ya kutaka. Wachezaji wa Académica waliingia uwanjani kwa mwendo wa taratibu, majoho meusi mabegani, kama watu waendao maziko. Majukwaani yalinyanyuliwa mabango ya kudai uhuru. Rais wa nchi hakuhudhuria, wala televisheni haikuonyesha mchezo. Serikali yenye hofu huogopa hata mpira wa ngozi.

Wanafunzi walitangulia kufunga kwa bao la Manuel António, zikiwa zimebaki dakika chache. Simões akasawazisha, na katika muda wa kuongezwa Eusébio, kijana wa Msumbiji ambaye dunia nzima ilimjua, akaipa Benfica ushindi wa 2 kwa 1. Artur Jorge hakuwamo uwanjani siku hiyo. Alikuwa amekwisha kuitwa jeshini, yuko kambini Mafra, kaskazini ya Lisbon. Timu yake ilicheza mchezo wake mkubwa kuliko yote bila ya mshambuliaji wake, naye alibaki kambini akiwa amevaa nguo za serikali ileile ambayo wenziwe walikuwa wakiipinga.

CHAMA CHA WACHEZAJI

Mwaka uleule alijiunga na Benfica, klabu iliyokuwa tajiri na yenye nguvu kuliko zote nchini. Huko alipata kila kitu ambacho mchezaji hukitamani. Katika misimu ya 1970-71 na 1971-72 alikuwa mfungaji bora wa ligi. Alitwaa ubingwa wa Ureno mara nne. Alikuwa katika kikosi cha msimu wa 1972-73 kilichomaliza ligi bila ya kufungwa hata mara moja, mechi 28 zikiwa za ushindi na 2 za sare.

Sasa, ndugu msomaji, tazama jambo hili. Mtu wa namna hiyo, mwenye jina, mshahara na kelele za mashabiki, ana sababu gani ya kujitafutia matata? Wako wengi ambao wakishiba husahau njaa ya jirani. Artur Jorge hakusahau. Tarehe 23 Februari 1972 wachezaji wa kulipwa wa Ureno waliunda chama chao cha wafanyakazi, naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake wakuu.

Yafaa tueleze walikuwa wakidai nini, maana bila ya kulijua hilo mtu hawezi kupima uzito wa kitendo chao. Siku zile mkataba wa mchezaji ulipokwisha, mchezaji hakuwa huru. Klabu ilikuwa na haki ya kumzuia, hata ikiwa iko klabu nyingine imtakayo, hata ikiwa yeye mwenyewe anataka kuondoka. Fikiri juu ya seremala ambaye amemaliza muda wa mkataba wake kwa tajiri mmoja, kisha akaambiwa kwamba hawezi kushika randa kwa tajiri mwingine mpaka yule wa kwanza apende. Seremala huyo tungemwitaje? Ndiyo hali waliyokuwa nayo wachezaji, na si katika Ureno peke yake. Sehemu kubwa ya Ulaya ilifuata desturi hiyo au inayofanana nayo. Ni mpaka tarehe 15 Desemba 1995, katika kesi ya Jean-Marc Bosman, Mbelgiji, ndipo Mahakama ya Ulaya ilipoamua kwamba mchezaji raia wa nchi za Umoja wa Ulaya ambaye mkataba wake umekwisha aweza kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja bila ya klabu yake ya zamani kudai malipo. Wareno walikuwa wamekwisha kulipigania jambo hilo miaka 23 kabla yake, tena katika nchi ambayo kugoma kulikuwa kosa la jinai.

Tena si mambo ya uhamisho tu. Mchezaji wa klabu ndogo, anayelipwa kidogo na anayelipwa kwa kuchelewa, akiumia ataishi kwa nini? Maisha ya kazi yake ni mafupi. Akifika miaka 33 au 34 amekwisha kuwa mzee. Mtu huyo peke yake hana ngao. Akisimama kudai, klabu humtoa na kumweka mwingine, na hapana gazeti litakaloandika jina lake. Lakini asimamapo mfungaji bora wa nchi, wenye vilabu hulazimika kumsikiliza, na asiye na jina hupata kivuli cha kujisitiri. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Na twaongeza kusema kwamba mkono wenye nguvu ukijitenga, ng'ombe hachinjwi hata wanyonge wakiwa mia.

Miaka miwili na miezi miwili tangu siku hiyo, tarehe 25 Aprili 1974, majeshi ya Ureno yaliuangusha udikteta, na njia ya uhuru wa makoloni ikafunguka.

KUTOKA UWANJANI HADI BENCHI

Alipofikia mwisho wa kucheza, baada ya Belenenses ya Lisbon na kipindi kifupi Marekani, Artur Jorge hakudhani kwamba jina la mchezaji latosha kumfanya mtu kuwa mwalimu. Hilo ni kosa la wengi. Hudhani kwamba aliyefunga mabao ajua pia kufundisha mabao, kama vile mtu anavyoweza kudhani kwamba kila ajuaye kusoma aweza kuwa mwalimu wa shule. Yeye alikwenda Leipzig, katika Ujerumani ya Mashariki ya siku hizo, akasoma elimu ya mazoezi ya michezo. Kisha akakubali kuwa msaidizi wa mzee José Maria Pedroto katika klabu ya Vitória ya Guimarães. Pedroto alikuwa mwalimu mwenye heshima kubwa kaskazini ya Ureno. Ndiye aliyeipa Porto ubingwa mwaka 1978 baada ya klabu hiyo kuukosa kwa miaka 19.

Mwaka 1984 Pedroto alikuwa mgonjwa, asiyeweza tena kuiongoza Porto. Mwanafunzi wake akachukua nafasi. Watu walishangaa, kwa kuwa Artur Jorge kama mwalimu hakuwa na sifa iliyojulikana. Alikuwa amefundisha timu ndogo tu. Pedroto alifariki Januari 1985, na katika miezi iliyofuata Porto ikatwaa ubingwa wa Ureno. Mwaka 1986 ikautwaa tena. Fernando Gomes, mshambuliaji wake, alifunga mabao 39 katika ligi ya 1984-85, akapewa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya.

Kisha ukaja msimu wa 1986-87. Katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya, Porto ilikutana na Dynamo Kyiv, timu ambayo wengi waliihesabu kuwa bora barani, ikaishinda 2 kwa 1 nyumbani na 2 kwa 1 ugenini. Fainali ilikuwa mjini Vienna tarehe 27 Mei 1987, dhidi ya Bayern München ya Ujerumani. Siku chache kabla ya mchezo, Gomes alivunjika mguu. Porto iliingia uwanjani bila ya mfungaji wake, kama vile Académica ilivyoingia bila ya wake mwaka 1969, na mtu mmoja aliyajua vizuri mambo yote mawili.

Bayern ilipata bao katika nusu ya kwanza kwa kichwa cha Ludwig Kögl. Wakati wa mapumziko Artur Jorge alifanya uamuzi. Angeweza kungoja, timu iliyo nyuma kwa bao moja bado i hai, na mwalimu mwoga huogopa kufungwa la pili. Yeye alimtoa Quim, mchezaji wa kiungo, akamwingiza Juary, Mbrazili mdogo wa umbo mwenye mbio, ili Paulo Futre na Rabah Madjer wasiwe peke yao mbele. Ulipopita mda wa nusu saa hivi, mpira ulimfikia Madjer, Mwaljeria, akiwa amelipa goli mgongo. Hakugeuka. Aliupiga kwa kisigino ukaingia. Haikupita muda, Madjer huyohuyo akaupeleka mpira kutoka upande wa kushoto, na Juary, yule aliyeingizwa, akaumalizia wavuni. Porto 2, Bayern 1.

Afrika ilikuwa na sehemu yake katika usiku ule. Madjer ndiye aliyefunga bao la kwanza Aljeria ilipoifunga Ujerumani ya Magharibi katika Kombe la Dunia mwaka 1982, na mwaka huohuo wa 1987 alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Lakini tusimsahau aliyekuwa benchi. Ushindi ule ulitokana na uamuzi, na uamuzi ulitokana na elimu. Aliyekuwa akisema kwamba vitabu havichezi mpira alijibiwa Vienna.

Toka hapo milango ya Ulaya ilikuwa wazi kwake. Alikwenda Paris kufundisha klabu ya Racing, akarudi Porto akaipa ubingwa wa 1989-90, kisha mwaka 1991 akachukua Paris Saint-Germain. Klabu hiyo wakati ule ilikuwa na fedha mpya na subira kidogo. Aliipa Kombe la Ufaransa mwaka 1993 na ubingwa wa Ufaransa mwaka 1994, ubingwa wa pili tu katika historia yake hadi siku hiyo. Mbele yake alikuwa na George Weah wa Liberia, ambaye mwaka 1995 angekuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Mpira wa Dhahabu, na miaka mingi baadaye Rais wa nchi yake. Machi 1993, baada ya kufungwa 3 kwa 1 mjini Madrid, timu hiyo iliifunga Real Madrid 4 kwa 1 mjini Paris na kuitoa katika Kombe la UEFA.

UKUBWA NI JAA

Lau tungekomea hapa, tungekuwa tumeandika habari nzuri ya mtu aliyefaulu, na wasomaji wangeifurahia. Lakini isingekuwa habari kamili. Wazee wetu walisema kwamba ukubwa ni jaa, na miaka iliyofuata ilimwagia Artur Jorge takataka za kila namna. Nyingine zilitupwa kwa uonevu. Nyingine, twaona, alizistahili.

Mwaka 1994 alirudi Benfica, klabu yake ya zamani. Aliikuta ni bingwa, kwani Toni, aliyemtangulia, alikuwa ametoka kuipa ubingwa msimu uleule, na kwa shukrani akaondolewa. Chini ya Artur Jorge kikosi kile kilivunjwa. Wachezaji waliopendwa na mashabiki walionyeshwa mlango, wakaja wengine wengi. Benfica ilimaliza ikiwa ya tatu, na Septemba 1995 naye akaonyeshwa mlango uleule. Aliyeitwa kushika mahali pake ni Mário Wilson, mwalimu wake wa Coimbra. Benfica haikupata ubingwa tena mpaka 2005, na mashabiki wake wengi hawakumsamehe.

Mwaka 1996 alichukua timu ya taifa ya Uswisi muda mfupi kabla ya fainali za Ulaya katika Uingereza. Aliwaacha nje Alain Sutter na Adrian Knup, wachezaji wawili waliopendwa sana, na magazeti ya nchi hiyo yakamshambulia kama adui wa taifa. Uswisi ilitoka sare na Uingereza katika uwanja wa Wembley, ikafungwa na Uholanzi na Uskoti, ikarudi nyumbani.

Kisha akawa mwalimu wa timu ya taifa ya Ureno kwa mara ya pili. Machi 1997, mshambuliaji Ricardo Sá Pinto, akiwa na hasira kwa kuachwa katika orodha ya wachezaji, alifunga safari hadi mahali pa mazoezi akampiga mwalimu wake ngumi. Sá Pinto alifungiwa mwaka mzima. Ureno nayo haikufuzu kwenda Kombe la Dunia la 1998.

Tulipofika hapa tulitulia tukafikiri, maana mambo haya hayasemeki kwa pupa. Yule aliyeunda chama cha kuwakinga wachezaji dhidi ya amri isiyojadiliwa, sasa ndiye mwenye amri, na mchezaji amemwinulia mkono. Je, alikuwa amegeuka?

Sisi twasema kwanza, ya kwamba ngumi haidai haki. Mchezaji aliyeachwa nje ya timu ana kinywa, ana nahodha, ana chama, na chama hicho kilikuwepo kwa sababu mtu huyo aliyepigwa alikuwa miongoni mwa walioasisi. Apigaye hujitoa mwenyewe katika njia ambayo wenziwe waliitengeneza kwa taabu. Twasema pili, ya kwamba kuchagua wachezaji kumi na mmoja na kuwaacha wengine ni kazi ya mwalimu, wala kuachwa si dhuluma. Haki ya mfanyakazi ni mkataba wa kweli, ujira kwa wakati, matibabu aumiapo na uhuru wa kuondoka muda ukwishapo. Kupangwa kila Jumapili si haki ya mtu.

Lakini twasema tatu, na hili lawahusu wakubwa wote, ya kwamba kuwa na haki ya kuamua hakumwondolei mtu wajibu wa kueleza. Artur Jorge alikuwa mtu wa maneno machache mbele ya watu, mwenye masharubu makubwa na uso usiotabasamu kwa urahisi. Alipowaacha Sutter na Knup huenda alikuwa na sababu nzuri za mchezo. Taifa zima lilibaki likiuliza. Alipoivunja Benfica huenda alikuwa na mpango. Mpango huo haukuwaingia watu mioyoni. Amri isiyoelezwa, hata ikiwa ya haki, hufanana na ya dhuluma machoni pa yule inayemwangukia. Mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza alipaswa kulikumbuka hilo kuliko wengine.

SAFARI YA AFRIKA

Mwishoni mwa 2004 alikabidhiwa timu ya taifa ya Kameruni, ambayo ilikuwa nyuma katika kuwania Kombe la Dunia la 2006. Aliinyanyua. Tarehe 4 Septemba 2005 iliifunga Kodivaa 3 kwa 2 palepale Abidjan, mabao yote yakiwa ya Achille Webó. Ikabaki mechi moja, dhidi ya Misri, mjini Yaoundé tarehe 8 Oktoba 2005. Ushindi ungetosha. Wakiwa 1 kwa 1, katika dakika za nyongeza, Kameruni ilipewa penalti. Pierre Womé aliupiga mpira ukagonga mlingoti. Kodivaa ikaenda Ujerumani, Kameruni ikabaki. Umati ukamgeukia Womé kwa ghadhabu hata maisha yake yakawa hatarini. Hapo wasomaji wataona tena tulichokisema mwanzo: mchezaji akishinda ni mali ya taifa, akikosa, ni mtu peke yake.

Miezi michache baadaye, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Misri, Kameruni ilishinda mechi zote tatu za kundi lake, kisha katika robo fainali ikakutana na Kodivaa ileile. Baada ya sare ya 1 kwa 1 zikapigwa penalti mpaka kila mchezaji akawa amepiga na zamu ikaanza upya. Samuel Eto'o akakosa, Didier Drogba akafunga: 12 kwa 11. Artur Jorge aliondoka Kameruni mwaka huo. Kazi yake ya mwisho ilikuwa mwaka 2015 na klabu ya MC Alger, katika Aljeria, nchi ya Madjer.

TUMALIZIE

Tukiyapima maisha haya tusiyapime kwa vikombe tu, wala kwa makosa ya miaka ya mwisho tu. Mtu aliyesoma hali anacheza, na akaendelea kusoma alipoacha kucheza, aliiheshimu kazi yake. Mtu aliyekuwa juu kabisa katika kazi hiyo, akaweka jina lake kwenye karatasi moja na wenziwe wasiojulikana, aliwaheshimu wafanyakazi. Hayo mawili hayakufutwa na msimu mbaya wa Benfica.

Kwa vijana wachezao, twawaambia: someni mikataba yenu kabla ya kuitia sahihi, jiungeni katika vyama vyenu, na msiuache mguu ushinde kichwa, kwa kuwa mguu utastaafu kwanza. Kwa wenye vilabu, twawaambia kwamba mchezaji ana mke, watoto, na kodi ya nyumba kama mtu yeyote aingiaye kazini alfajiri. Na kwa wale ambao jana walikuwa wakidai na leo ndio wanaodaiwa, katika viwanja, viwandani na maofisini, twawaomba wakumbuke kwamba cheo ni dhamana. Aliyeko chini yako leo ana swali lilelile ulilokuwa nalo wewe jana. Mjibu.